Nyigu Mfinyanzi

Wakati wa mvua, tazama kuta za nyumba au za darasa, hasa chini ya upenu. Huenda ukaona vidonge vya udongo mkavu vilivyoshikamana na ukuta. Vingine vina umbo la mtungi mdogo wenye shingo fupi. Watoto wengine huvibandua kwa kijiti na kuvitupa. Je, ni nani aliyevijenga? Ndani yake mna nini? Katika somo hili tutajifunza juu ya nyigu mfinyanzi, na tutaona kwa nini si vizuri kuiharibu kazi yake.

Mahali anapopatikana

Nyigu wafinyanzi wanapatikana katika sehemu nyingi za dunia. Hapa Tanzania wanapatikana hata katika nchi kame ya uwanda wa kati, kama vile Dodoma. Huko mvua hunyesha katika msimu mmoja tu, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvua zinyeshapo, mimea huchipua, viwavi huongezeka, na maji ya kulowesha udongo hupatikana kwa urahisi. Huo ndio wakati mzuri wa kumtazama nyigu huyu akifanya kazi. Hujenga juu ya miamba, juu ya vijiti vya mimea, na katika kuta za nyumba, ziwe za tembe au za matofali.

Mwili wake

Kama wadudu wengine, nyigu mfinyanzi ana kichwa, kifua na tumbo. Ana miguu sita, mabawa manne na vipapasio viwili. Kiuno chake ni chembamba sana. Ana mataya yenye nguvu, na hayo ndiyo vifaa vyake vya ufinyanzi. Jike ana mwiba wenye sumu nyuma ya tumbo. Dume hana mwiba.

Usimchanganye na nyigu wanaoishi kwa makundi. Hao hutafuna nyuzi za miti na kutengeneza kiota kinachofanana na karatasi, nao humshambulia mtu akikaribia kiota chao. Nyigu mfinyanzi huishi peke yake. Hana desturi ya kuwafukuza watu, lakini akishikwa au akibanwa anaweza kuuma.

Jinsi anavyofinyanga mtungi

Kazi ya kujenga ni ya jike peke yake. Kwanza hunywa maji na kuyabeba tumboni. Kisha huruka hadi penye udongo mkavu, huyatema maji hayo, na kuukanda udongo kwa mataya mpaka uwe kidonge cha tope. Hukichukua kidonge hicho hadi mahali alipochagua. Hapo hukitandaza kwa mataya na miguu ya mbele kiwe ukanda mwembamba. Hurudi tena na tena, akiongeza ukanda juu ya ukanda, kama mfinyanzi anayeinua ukuta wa chungu. Mwishoni huacha tundu dogo lenye ukingo kama mdomo wa mtungi.

Akiba ya chakula

Mtungi ukiwa tayari, jike huingiza ncha ya tumbo lake ndani na kutaga yai moja. Yai hilo huning'inia kwa uzi mwembamba kutoka darini. Baada ya hapo huenda kuwinda viwavi. Akimpata kiwavi, humchoma kwa mwiba. Sumu yake haimwui kiwavi mara moja, bali humpoozesha. Kiwavi huyo hawezi kutembea, lakini bado yu hai.

Kwa nini nyigu hawaui viwavi wake? Fikiri juu ya nyama iliyoachwa siku kadhaa katika joto. Itaoza. Kiwavi aliyekufa naye huoza au hukauka. Kiwavi aliyepooza hubaki mbichi kwa siku nyingi. Hivyo mtoto wa nyigu hupata chakula kizuri, ingawa hakuna anayemletea. Mkulima huweka mtama ghalani baada ya kuukausha ili usioze. Nyigu naye huweka akiba yake, lakini kwa njia nyingine.

Nyigu huingiza viwavi kadhaa, kisha huziba mdomo wa mtungi kwa tope na kwenda zake. Kwa kawaida hatamwona mtoto wake.

Tulijuaje mambo ya ndani ya mtungi?

Mtu akiufungua mtungi siku moja akakuta viwavi, na siku nyingine akaona nyigu akitoka katika mtungi mwingine, anaweza kudhani kuwa viwavi wamegeuka nyigu. Kudhani si kujua. Mwanasayansi wa Ufaransa, Jean-Henri Fabre, aliyeishi kutoka 1823 hadi 1915 na aliyepata kuwa mwalimu, alitaka kuona kwa macho yake. Alitoboa dirisha dogo katika ubavu wa mtungi, akawa akichungulia. Aliliona yai likining'inia kwa uzi. Alipowagusa viwavi, baadhi yao walitikisika. Hapo alifahamu faida ya uzi ule: kama yai lingelazwa katikati ya viwavi, lingeweza kupondwa.

Kukua kwake

Yai huanguliwa na kuwa buu asiye na miguu. Buu hula viwavi mmoja baada ya mwingine, akawa mkubwa. Chakula kikiisha hugeuka kuwa pupa. Pupa hali chochote, lakini mwili wake hubadilika. Hatimaye nyigu kamili hutafuna ukuta wa mtungi, hutoboa tundu na kuruka. Yeye mwenyewe hali viwavi, bali hunywa maji matamu ya maua.

Faida yake kwa mkulima

Viwavi wengi hula majani ya mimea yetu. Mwaka 2017 iliripotiwa kuwa viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, wameingia Tanzania na kushambulia mahindi. Nyigu mfinyanzi peke yake hawezi kuzuia balaa kubwa kama hilo, lakini kila mtungi anaoujaza hupunguza viwavi. Tuseme jike mmoja amejenga mitungi 5, na katika kila mmoja ameweka viwavi 6. Hao ni viwavi 30. Mtoto anayebandua mitungi hiyo huua wasaidizi watano wa mkulima. Dawa ya kuua wadudu nayo ikinyunyizwa ovyo huua viwavi pamoja na adui zao.

Jambo la kufanya

1. Tafuta mitungi ya nyigu katika kuta za shule. Usiiguse. Andika namba kwa chaki karibu na kila mtungi.
2. Itazame kila siku kwa majuma manne. Andika tarehe, na kama mtungi uko wazi, umezibwa, au una tundu jipya.
3. Tafuta mtungi mkuukuu wenye tundu, ambao hauna kitu ndani. Pima upana wake na uuchore.

Maswali

1. Nyigu mfinyanzi hupata wapi tope la kujengea?
2. Kwa nini yai huning'inizwa kwa uzi?
3. Ingekuwaje kama nyigu angewaua viwavi kabla ya kuwaweka akiba?
4. Taja kwa mpangilio hatua nne za kukua kwa nyigu.
5. Rafiki yako anataka kubandua mitungi yote ya ukutani. Utamweleza nini?