Duka, lori na shamba la Hombo: uyapange ungali hai

Mfanyabiashara wa Hombo mara nyingi mali yake iko ng'ambo zote mbili za mto: duka upande wa Kivu Kusini, michikichi upande wa Walikale, nyumba Bukavu, pengine ng'ombe Masisi. Akifariki, kila mali inapata msemaji wake, na mjane anasikia habari kwa majirani.

Wanaotoka Nairobi husifia trasti ya familia, ambayo Kenya iliipa nguvu kwa sheria ya 2021. Kwetu Kongo chombo hicho hakipo. Ukiandikisha nyumba kwa jina la rafiki ili "akutunzie watoto", mbele ya tribinali nyumba ni ya rafiki.

Tulicho nacho ni sosiete. Tangu 12 Septemba 2012 tunafuata sheria za biashara za OHADA, na hata mtu mmoja peke yake anaweza kuanzisha SARL, yaani sosiete ya dhima yenye mipaka. Ingiza humo biashara: duka, stoki ya mawese, akaunti, lori. Lakini lori ambalo karte roze yake bado ina jina lako si la sosiete, kwa hiyo ibadilishe karte hiyo. Siku ukiondoka zitagawanywa hisa, na lori litaendelea kupakia. Kazi kubwa iko kwenye statuti. Usinakili za jirani. Andika nani ataongoza baada yako, kama warithi wote wanaingia au lazima wakubaliwe kwanza, na hisa za anayetaka kutoka zitapigiwa bei vipi. Mtoto anayetaka pesa yake taslimu mara tu baada ya matanga anaweza kuiua biashara nzima kama kifungu hicho hakimo.

Shamba lina mambo yake, na hapa washauri wa haraka wametia watu hasara. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 ardhi ni ya Serikali. Wewe una konsesyo, yaani haki ya kuitumia. Ile ya kudumu hupewa raia wa Kongo, mtu binafsi, si sosiete. Shamba likihamia SARL utabaki na haki ya muda, kwa kawaida miaka 25 inayoombewa upya. Mimi ningeliacha kwa jina lako, sosiete ilikodi. Na kama una karatasi ya mwami (chifu wa jadi) tu, tafuta kwanza sertifika kwa konservatere wa hati za ardhi. Kwa zinazotolewa Goma na Bukavu tangu waasi wa M23 waiteke miji hiyo mwanzoni mwa 2025, muulize wakili kabla ya kulipa, maana kesho zinaweza kupingwa.

Wala sosiete isiwe njia ya kumnyima mtoto. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, wasichana sawa na wavulana, na wa nje ya ndoa pia wakiwa wametambuliwa. Kwa hiyo nenda eta sivili ukawaandikishe. Mjane ana haki ya kutumia nyumba mliyokaa.

Wasia wa mkono uandike wote mwenyewe, utie tarehe na sahihi; ukichapwa kwa kompyuta, unahesabika tu kama umeandika kwa mkono kwenye kila ukurasa kwamba ni wasia wako, na kila ukurasa ukautia tarehe na sahihi. Wa kwa noteri ni imara zaidi. Mtaje humo mtekelezaji, kwani usipomtaja, kazi ya kugawa huangukia mrithi mwenye umri mkubwa, hata kama hajui hesabu.

Kwa kuwa Hombo watu hukimbia bila kubeba kitu, piga picha sertifika, namba za volimu na folio zisomeke vizuri, kisha mtumie noteri na ndugu anayekaa mbali. Iliyopotea huombwa upya kwa namba hizo.