Punda Milia Hula Kwanza

Somo: Mwanzo 13:5–12 na 14:12–16

Wachungaji wa mifugo ya Abramu na wale wa Lutu waligombana kwa sababu malisho hayakuwatosha. Hapa Burnt Forest andiko hili tunalijua, na wengine wamelitumia vibaya: ati hata Abramu aliachana na Lutu, basi kila jamii irudi kwao. Mji uliopitia 1992 na mwanzo wa 2008 unajua maneno hayo huishia wapi.

Mwezi wa nane nilienda na vijana wetu Maasai Mara: Timboroa, Nakuru, Narok, halafu geti la Sekenani. Kila mtu alitaka simba. Tulimwona, amelala tu kama paka wa jikoni. Mimi nilishikwa na nyasi. Punda milia, nyumbu na swala tomi walikuwa uwanja mmoja, na hawali kitu kimoja. Punda milia hutangulia. Tumbo lake linaweza zile nyasi ndefu, ngumu. Akishazipunguza, nyumbu anakuja na mdomo wake mpana, anakata majani ya chini. Mwisho ni swala tomi, mdomo mwembamba, anachagua machipukizi mafupi ambayo hao wawili wamemfunulia.

Nilisomea biashara. Darasani, jirani wa duka lako ni mshindani anayekula soko lako. Pale Mara, aliyekula kwanza ndiye amemfungulia mwenzake chakula. Sasa tazama gunia la viazi linalotoka shambani hapa hadi sokoni: linapita mikono ya jamii mbili tatu, na kila mkono unapata unga wa jioni. (Nisiwadanganye, ukame ukija hata wanyama husukumana.)

Abramu na Lutu waligawana malisho, hawakugawana undugu. Wasomaji wengi huishia sura ya 13. Sura ya 14 Lutu anatekwa, na Abramu anatoka na watu 318 wa nyumbani mwake, anawafuata watekaji mpaka Dani, anamrudisha na mali yake. Hakusema, "Si alichagua mwenyewe?"

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani, kila mtu ataje jirani mmoja wa jamii nyingine ambaye angemgongea mlango saa nane usiku. Halafu aseme kama jirani huyo naye angethubutu kugonga kwake. Viongozi wa makundi, msiharakishe swali hili la pili.