Filamu ya Hali Halisi na Upatikanaji wa Haki: Suala la Fanani na Hadhira katika Kisumu Ndogo

Makala haya yanajadili filamu ya hali halisi, ambayo wengi huiita dokumentari, kama chombo cha kutetea haki za binadamu. Kwamba filamu yaweza kufichua uonevu ni jambo lisilohitaji kuthibitishwa tena. Linalotushughulisha hapa ni swali ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi angeliuliza mapema: hadhira ya filamu hiyo ni nani, na fanani wake anasema kwa lugha ipi?

Kisumu Ndogo ni jina linalotumika Kibera na vilevile Korogocho, jijini Nairobi, likikumbusha mji wa Kisumu ulio kando ya Ziwa Viktoria. Kibera hasa ni mahali palipopigwa picha mno. Kamera hufika, hunasa reli, mapaa ya mabati na mifereji ya maji machafu, kisha huondoka. Mara nyingi msimulizi hueleza kwa Kiingereza, naye mama anayehojiwa kwa Kiswahili hufupishiwa maneno yake katika mistari miwili ya tafsiri chini ya skrini. Filamu huonyeshwa ng'ambo au katika kumbi za hoteli. Mama huyo amefanywa mhusika wa kisa ambacho hatakuwa hadhira yake. Kwa maoni yangu, huo nao ni aina ya unyang'anyi, hata kama nia ya mtengenezaji ilikuwa njema.

Kabla ya kuendelea na suala la lugha, yafaa tukiri mipaka ya picha yenyewe. Tarehe 16 Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kamera ya kituo cha KTN ilimnasa askari polisi akiwafyatulia risasi waandamanaji katika mtaa wa Kondele, mjini Kisumu. Vijana wawili walifariki. Taifa zima liliona. Askari alishtakiwa kwa mauaji, lakini mwezi Juni 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia huru. Nambari ya bunduki aliyokuwa amekabidhiwa haikulingana na ile ya bunduki iliyochunguzwa na mtaalamu wa silaha. Picha ilikuwapo, mnyororo wa ushahidi ulikatika mahali pengine kabisa.

Kisa hicho hutofautishwa mara nyingi na kile cha Marekani, ambako filamu ya Errol Morris, The Thin Blue Line (1988), ilichangia kufunguliwa kwa Randall Dale Adams mwaka 1989 baada ya kufungwa kwa mauaji ambayo hakuyatenda. Lakini Morris hakutegemea picha pekee. Alirudi kwa mashahidi, akawahoji upya, akaonyesha walivyojipinga wenyewe. Kazi yake ilikuwa ya upelelezi kabla ya kuwa ya sanaa. Kijana wa Kisumu Ndogo anayerekodi tukio kwa simu anahitaji kufahamu jambo hilo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inadai rekodi ya kielektroniki iandamane na hati inayoeleza ilivyopatikana na kifaa kilichotumika. Rekodi iliyokwisha kukatwa, kutiwa muziki na kusambazwa, huku ile ya asili ikiwa imefutwa, huweza kuwaliza watazamaji wengi na bado ikatiliwa shaka mbele ya hakimu.

Upande wa fanani, mambo yamebadilika kwa kiasi. Mwaka 2010 vijana wa Kibera walianzisha Kibera News Network, wakirekodi habari za mtaa wao kwa kamera ndogo; wakfu wa Hot Sun nao ulifungua shule ya filamu hapo Kibera. Mkazi sasa anashika kamera. Hata hivyo, kushika kamera hakumalizi suala la hadhira.

Hapa nataka tutazame mahali ambapo wasomi wetu hupapita bila kusimama: kibanda cha video. Ndani ya kibanda cha mabati, juu ya mabenchi, watu hutazama filamu za Hollywood, Bombay na Hong Kong zilizotiwa sauti ya DJ Afro, ambaye husimulia kwa Kiswahili na Sheng. Hatafsiri neno kwa neno. Huwabatiza wahusika upya, hutabiri, hukejeli, huchelewesha siri na kuielekeza hadhira mahali pa kutazama. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyefanya kazi ya namna hiyo. Hizi ni mbinu za fanani wa ngano zilizohamia kwenye mkanda, na hadhira inazifahamu vyema kuliko inavyofahamu sauti nzito ya msimulizi wa dokumentari.

Kwa nini jambo hili lihusishwe na haki? Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe watu wote wanaifikia haki. Lakini Sheria ya Taratibu za Mashauri ya Madai, kifungu cha 86, huifanya Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani. Kiswahili kimeruhusiwa katika mahakama za chini tu. Mpangaji wa Kisumu Ndogo hukutana na haki yake ikiwa imevaa vazi la kigeni. Mfano mzuri ni kufurushwa. Mwezi Julai 2018 maelfu ya wakazi wa Kibera walibomolewa nyumba, na shule zikaangushwa, ili kupisha barabara. Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka wanaokalia ardhi ya umma wapewe ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa, kwa maandishi, katika Gazeti rasmi la Serikali, katika gazeti la taifa na redioni, kwa lugha ya mahali panapofaa. Zingatieni maneno hayo ya mwisho: sheria yenyewe imekiri kwamba lugha ni sehemu ya haki.

Basi filamu kuhusu kufurushwa ingeweza kusimuliwa kibandani na fanani anayesimamisha mkanda pale tingatinga linapoonekana, akauliza: ilani ilikuja lini? Nani aliiona? Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, akae benchi la mbele aeleze hati ya kiapo ni nini, amri ya zuio huombwa wapi, na malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa vipi kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Hadhira itajibu, itabisha, itasahihisha filamu. Mtengenezaji asiyetaka kusahihishwa na Kisumu Ndogo asiipige picha.

Pingamizi hazikosekani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ni urithi wa miaka ya kikoloni, na bado inahitaji leseni ya kupiga picha na idhini ya kuonyesha. Septemba 2021 Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku I Am Samuel ya Peter Murimi. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa Blood Parliament, iliyochunguza picha zaidi ya 5,000 ili kuwatambua waliowapiga risasi waandamanaji penye Bunge tarehe 25 Juni 2024; onyesho lake jijini Nairobi lilizuiwa, na mwezi Mei watengenezaji filamu wanne wakakamatwa, kisha wakaachiliwa.

Hatari iliyo karibu zaidi, hata hivyo, humkabili shahidi. Mtaani ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, kumfunika mtu uso hakutoshi: jirani humtambua kwa sauti, kwa kikohozi, kwa leso aliyotundika mlangoni. Anayemtaja askari au mwenye nyumba atalala papo hapo usiku huo. Katika hali hiyo ningependekeza sauti ya shahidi iondolewe kabisa na fanani asimulie kisa chake kwa nafsi ya tatu, huku rekodi ya asili ikihifadhiwa kwa wakili.