Somo la Historia: Vita vya Mengo, Januari 1892

Huenda msomaji wa Lokitaung au Lodwar akauliza, "Mengo ni mbali, yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, Mkoa wa Rudolf, ambao ndani yake ilikuwamo sehemu ya nchi ya Waturkana, ulihesabiwa katika Uganda mpaka mwaka 1926 ulipotiwa katika Kenya. Pili, vita hivyo vilizuka kwa ajili ya bunduki moja, na madhara ya bunduki hayahitaji kuelezwa sana kwa watu wa kaskazini.

MAHALI. Mengo ulikuwa mji mkuu wa Kabaka Mwanga wa Buganda. Makao yake yalikuwa juu ya kilima, yamezungushiwa nyua ndefu za matete. Karibu yake viko vilima vitatu: Lubaga, penye kanisa la mapadre Wakatoliki waliotoka Ufaransa, Namirembe, penye kanisa la Waprotestanti waliofundishwa na Waingereza, na Kampala, ambako Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alijenga boma baada ya kufika Desemba 1890.

ASILI YA UGOMVI. Mwaka 1888 Waganda waliofuata dini mpya, yaani Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, waliungana wakamwondoa Mwanga kitini. Baada ya muda mfupi Waislamu wakawafukuza Wakristo. Wakristo nao wakashikamana, wakapigana, na kufikia mwanzo wa mwaka 1890 walikuwa wamemrudisha Mwanga mjini. Lakini adui alipoondoka, mapatano nayo yaliondoka. Vyama viwili vikatokea, Wafransa na Waingereza, ingawa watu wake wote walikuwa Waganda wa damu moja. Vyama hivyo viligawana vyeo na mashamba, kisha vikabishana kama mtu anayebadili dini apoteze cheo na shamba lake au asipoteze. Kwa hiyo tusidhani kwamba watu waligombania sala tu. Dini ilikuwa imefungwa pamoja na ardhi, na aliyeacha chama chake aliweza kuacha pia riziki yake.

KESI YA BUNDUKI. Mnamo Januari 1892 Mkatoliki mmoja alichukua bunduki ya Mprotestanti. Mwenye mali alipokwenda kuitafuta alipigwa risasi akafa. Mwanga aliamua kwamba aliyeua hana hatia, kwa kuwa kwa desturi ya nchi mtu ana haki ya kumpiga anayeingia uani mwake kwa nguvu. Waprotestanti waliona hukumu ile ni upendeleo. Lugard naye alidai mwuaji auawe, na Kabaka akakataa. Ndipo Lugard akawagawia Waprotestanti bunduki kutoka bomani. Aliyekuja akijiita msuluhishi sasa alikuwa amechagua upande.

MAPIGANO. Siku ya Jumapili, tarehe 24 Januari, risasi zilianza kulia kati ya vilima. Wakatoliki walikuwa wengi na hodari, lakini Lugard alikuwa na askari Wasudani na bunduki ya Maxim, ambayo hupiga risasi mfululizo. Baada ya saa chache Wakatoliki walishindwa, na kanisa la Lubaga likateketezwa kwa moto. Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe katika ziwa Victoria. Tarehe 30 Januari Kapteni Williams alikishambulia kisiwa hicho, na wengi walizama walipokuwa wakikimbia kwa mitumbwi. Mwanga akatorokea kusini, asirudi mpaka mwisho wa Machi.

MATOKEO. Vita vilikuwa vya saa chache. Matokeo yake yalidumu kwa miaka mingi. Aprili 1892 Wakatoliki walipewa jimbo la Buddu, na baadaye Waislamu wakapewa majimbo madogo matatu. Sehemu kubwa iliyobaki, pamoja na cheo cha Katikiro alichokishika Apolo Kagwa, ilikuwa mikononi mwa Waprotestanti. Watu walihama mashamba yao kufuata chama. Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza ulinzi wake juu ya Buganda. Hata chama cha siasa cha DP kilipoanzishwa mwaka 1954, Wakatoliki wengi walijiunga nacho kwa sababu ya manung'uniko ya kunyimwa vyeo yaliyoanza siku zile.

MAFUNZO. Wahenga walisema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Lugard hakwenda kulima. Alileta bunduki, na mavuno yakawa ya Kampuni na ya Uingereza. Lakini Waganda wenyewe ndio waliomfungulia mlango, walipokosa baraza ambalo pande zote mbili zingeliamini hukumu yake. Kabaka alihukumu kwa sheria aliyoijua. Ila hukumu isiyoaminiwa na aliyefiwa haizimi ugomvi, bali huufukia majivuni. Miaka mia moja baada ya Mengo, mwaka 1992, kambi ya Kakuma ilifunguliwa kuwapokea watu waliokimbia vita vya ndugu kwa ndugu katika Sudan. Anayetaka kujua gharama ya vita vya namna hiyo hana haja ya kusafiri mbali.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini kubadili dini katika Buganda kulikuwa pia jambo la ardhi?
2. Kama ungalikuwa mzee wa baraza la Kabaka, ungaliamuaje kesi ya bunduki ili pande zote mbili zitulie?
3. Msuluhishi anayegawa silaha kwa upande mmoja amebakiwa na kazi gani?