Sakafu ya Jicho Ikipasuka

Papasa kwa kidole mfupa unaozunguka jicho lako, toka kwenye nyusi hadi juu ya shavu. Ni mgumu kama mdomo wa chungu. Ndani yake mambo ni mengine: sakafu ya tundu la jicho ni mfupa ambao sehemu kubwa haifiki unene wa milimita moja, na chini yake pana uwazi wa hewa tu.

Mwaka 1957 madaktari Smith na Regan wa Marekani waliweka mpira juu ya jicho la maiti, wakaupiga nyundo. Mdomo wa chungu ulibaki mzima, sakafu ikapasuka. Kwa maelezo yao, shinikizo lilitafuta njia palipo dhaifu. Afadhali sakafu kuliko jicho.

Mafuta na misuli vikizama kwenye ufa, jicho hudidimia na mtu huona vitu viwili viwili. Mtu mzima asiyebanwa msuli husubirishwa uvimbe upungue, kisha hupasuliwa, mara nyingi ndani ya wiki mbili, na ufa mdogo huachwa upone wenyewe. Mtoto aliyebanwa msuli hasubirishwi. Mfupa wake ni kama kijiti kibichi: hupinda, hufunguka, kisha hurudi ukaubana msuli. Jicho laweza kuwa jeupe, bila damu, lakini akitazama juu moja linapanda, jingine limeganda. Anatapika, moyo unapiga polepole, na watu wanadhani ameumia ubongo.

Sasa mpasuaji apite wapi? Akikata ngozi chini ya kope ya chini anaona vizuri, ila kovu likijikunja huivuta kope ikabinuka nje, jicho likakauka. Wengi siku hizi huibinua kope na kukata utando mwekundu wa ndani. Kovu halionekani, na hatari ya kope kubinuka ni ndogo. Ukuta wa upande wa pua nao ukiwa umevunjika, mkato hufika hadi kwenye kinyama chekundu cha kona ya jicho. Kwa macho yangu, mlango wa ndani ndio wa kwanza kufikiriwa.

Akishafika, huinua kilichozama na kutandika, kwa mfano, wavu wa titaniamu. Kabla ya kufunga, hulishika jicho kwa kibano na kulizungusha: likienda bila kukwama, hakuna kilichobanwa.

Ukipigwa jichoni, usipenge kamasi. Sakafu ikiwa imepasuka, hewa yaweza kuingia tunduni. Na mtoto aliyepigwa, akatapika na kushindwa kutazama juu, mpelekeni hospitali yenye kipimo cha CT siku hiyohiyo.