Somo letu: Kigari cha Pembeni cha Pikipiki

Hapa Mnyuzi treni tunaijua tangu zamani. Tena reli ya kwenda Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963, inaanzia hapa hapa kwetu. Lakini reli haiingii vitongojini. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku kule ndani kwenye mkonge, anafikaje Magunga, Korogwe? Anapakiwa bodaboda. Mbele dereva, katikati mgonjwa, nyuma shemeji anamshikilia. Mshikaki! Akizirai njiani, wote watatu wako chini.

Sasa iko njia nyingine. Pikipiki inafungwa kigari ubavuni, chenye gurudumu lake moja. Mgonjwa analala humo, amefungwa mkanda.

Jambo hili limejaribiwa kwa majirani zetu wa Malawi. Mwaka 2001, wilaya ya Mangochi iliweka pikipiki tatu za namna hii kwenye vituo vya afya vijijini. Waliopima walikuta kwamba muda wa kumfikisha mama hospitali ulipungua kwa saa 2 hadi saa 4 na nusu. Na bei je? Gari moja la wagonjwa lilikuwa ghali mara 19 kuliko pikipiki moja yenye kigari. Saa 4 kwa mama anayetoka damu si jambo dogo.

Je, lazima kiwanda kikubwa? Hapana. Mwaka 1912 kule Birmingham, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Watson alikuwa na shida ndogo tu: njia ya kuingilia uani kwake ilikuwa nyembamba, kigari hakipiti. Akatengeneza kigari kinachokunjwa. Watu wakakipenda, akafungua karakana. Karakana hiyo, Watsonian, ilidumu zaidi ya miaka 100. Kumbe shida ya mlango wa nyumbani inaweza kuzaa kazi.

Haya, tuingie karakanani. Fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti na vitanda vya chuma anavyo vifaa karibu vyote. Kazi ngumu si kuchomelea. Kazi ngumu ni vipimo, na hapa ndipo wengi huharibu.

Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo kigari kinakaa kushoto. Kishikwe na pikipiki mahali pane: pawili chini, pawili juu. Usitumie bolti nyembamba. Gurudumu la kigari likae mbele kidogo ya gurudumu la nyuma la pikipiki, lisilingane nalo.

Kisha chukua mbao mbili ndefu zilizonyooka. Moja ilaze chini, iguse magurudumu yote mawili ya pikipiki kwa upande wa kigari. Ya pili iguse gurudumu la kigari. Pima nafasi kati ya mbao, mbele na nyuma. Mbele pawe pafinyu kuliko nyuma kwa sentimita 1 hadi 2. Ukiacha sawasawa, pikipiki itavutwa kushoto safari nzima na mikono ya dereva itakufa ganzi. Ukizidisha, tairi litalika upesi. Pikipiki yenyewe iegemee kulia kidogo sana. Na upime mtu akiwa amekaa ndani, maana chuma kikibeba mzigo hushuka.

Dereva naye ajifunze upya, hata kama ameendesha miaka kumi. Hailali kwenye kona kama bodaboda. Akiongeza mafuta inavuta kushoto. Akikamata breki inavuta kulia, kwa sababu kigari bado kinataka kwenda mbele. Kona ya kushoto ndiyo mbaya: kigari kikiwa kitupu gurudumu lake huinuka juu. Dawa yake ni mfuko wa mchanga ndani na mwendo wa polepole. Pikipiki ndogo pia huchoka, klachi na cheni huisha mapema, hasa milimani. Fundi asiyemwambia mnunuzi haya anamdanganya.

Jambo jingine. Pikipiki ya magurudumu matatu si ile iliyoandikwa kwenye kadi. Kabla ya kufunga, fundi aulize TRA na askari wa usalama barabarani. Ushauri wa karakana ndogo uko SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Maswali ya kujadili kikundini: Kitongoji chenu kiko mbali gani na kituo cha afya, na njia hupitika masika? Fundi wenu amefunga kigari, mbao zinaonyesha sentimita 88 mbele na sentimita 88 nyuma. Je, mtampokelea kazi yake? Na mafuta ya usiku, nani atayalipa?