Mifereji ya Magurudumu

Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka hupita Songea kwenda Mtwara. Uzito wao hubonyeza lami penye mapito ya magurudumu. Mifereji hutokea, maji ya mvua hutuama humo na magari huteleza.

Kwanza laza ubao ulionyoka toka upande hata upande wa barabara, upime kina. Ikiwa lami tu imebonyea, yakwanguliwe matuta, iwekwe lami mpya na kushindiliwa. Ikiwa udongo wa chini umelegea, sharti uchimbwe na kujengwa upya, ama sivyo mfereji utarudi.

Majaribio ya Marekani ya 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara 2, madhara huongezeka karibu mara 16. Ndiyo sababu malori hupimwa kwenye mizani.